Jamaa wa kiwanda cha peremende aliyeunda kifaru chako cha gemu

Hebu fikiria uko saiba mtaani, saa tatu usiku, umelipia saa moja na tayari dakika kumi zimeliwa na mtandao unaokwama. Mbele yako kwenye skrini kuna kifaru. Simaanishi yule mnyama wa pembe pale Nairobi National Park. Namaanisha kile cha vita, cha chuma na minyororo na mzinga. Umeingia World of Tanks, ramani ya Prokhorovka, ile yenye reli. Uko ndani ya T-34, ngazi ya 5. Unachungulia kidogo, jamaa upande wa pili anakufyatulia, na kombora lake linagonga uso wa kifaru chako, linadunda, linapaa huko juu kama jiwe lililorushwa kwenye mabati. Hujaumia hata kidogo. Unacheka, unamlenga, unamlipua.

Sasa nikuulize: lile kombora limedunda kwa nini?

Najua utasema ni gemu tu, programu imeamua. Ni kweli kiasi. Lakini hesabu iliyofanywa na programu pale ilifanywa kwanza na watu wenye penseli katika mji wa Kharkiv, Ukraine, miaka ya 1930, enzi ambazo mhandisi akilaumiwa kwa gia iliyovunjika hakufutwa kazi tu. Angeweza kukamatwa usiku na asionekane tena. Aliyewaongoza watu hao aliitwa Mikhail Ilyich Koshkin. Huko kwao ni jina kubwa, ametengenezewa hata filamu. Huku kwetu tunaendesha mashine yake kila wikendi na hatujui kama alikuwa mtu au mtaa.

Na kabla hujaniambia hadithi za historia zinakuboesha, ngoja. Huyu jamaa hakuzaliwa mhandisi. Alianza maisha akitengeneza peremende.

Alizaliwa Desemba 1898 katika kijiji cha Brynchagi, mkoa wa Yaroslavl, Urusi. Familia ya wakulima, shamba dogo lisilotosha. Baba yake alikuwa akienda kufanya vibarua vya kukata miti ili nyumbani kuliwe, na kazi hiyo ndiyo iliyomuua, Mikhail akiwa bado mtoto mdogo. Mama akabaki na watoto watatu. Hapo unaijua hadithi, kwa sababu ni ya nyumba nyingi hata hapa kwetu: mtoto wa kiume akifika miaka kama 11 anafungasha kitu kidogo alicho nacho na kwenda mjini kutafuta. Mikhail akaenda Moscow, akapata kazi katika kiwanda cha peremende. Akakulia humo, kati ya sukari na mashine.

Jina lake, kwa njia, linatokana na neno la Kirusi la paka. Koshkin ni kama kusema wa paka. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Mwaka 1917 alichukuliwa jeshini, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia na kujeruhiwa. Mapinduzi yakaja, akajiunga na Jeshi Jekundu, akapigana tena katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaugua homa ya chawa, akapona. Kisha chama kikamtuma masomoni Moscow, na baada ya hapo kikampeleka Vyatka, mji wa mbali, kusimamia nini? Kiwanda cha peremende! Maisha yana utani wake. Kwa miaka kadhaa alikaa huko, akapanda vyeo vya chama, akaoa, akapata mtoto. Angeweza kustaafu hapo, mheshimiwa wa mji mdogo mwenye ofisi na gari.

Lakini mwaka 1929, akiwa na miaka 30, aliacha hayo yote na kwenda Leningrad kusomea uhandisi. Fikiria hilo darasa. Wenzake ni vijana, yeye ni baba wa watoto mwenye makovu ya vita. Alimaliza mwaka 1934, akiwa na miaka 35. Mimi niliacha chuo nikiwa na miaka 21 na kila mtu kwetu, hadi shangazi zangu, aliongea kana kwamba nimezikwa. Kwa hivyo nisamehe nikikaa kidogo kwenye hiyo tarehe. Miaka 35 ndipo cheti kikapatikana, na alikuwa amebakiza miaka sita tu ya kuishi. Kila kitu kinachokufanya umjue leo kilitokea ndani ya hiyo sita.

Aliajiriwa hapo hapo Leningrad katika ofisi ya kubuni vifaru. Kama umewahi kucheza gemu hili ukiwa bado mgeni, huenda umekutana na T-46 au T-29. Vile vya chini kabisa, ambavyo unaviendesha ili tu ufike mbele. Koshkin alifanya kazi katika ofisi zilizohusika na vifaru vya aina hiyo. Mwaka 1936 akatunukiwa nishani ya Nyota Nyekundu. Na mwisho wa mwaka huo akaitwa na kuambiwa aende Kharkiv, akawe mkuu wa ofisi ya kubuni vifaru katika kiwanda nambari 183, kiwanda kikubwa cha vichwa vya garimoshi.

Unaweza kusema hongera, amepandishwa cheo. Subiri usikie kwa nini kiti kilikuwa wazi.

Kiwanda hicho kilikuwa kinaunda vifaru vya BT. Hivi ukiviona kwenye gemu utavijua kwa kasi. BT-2 na BT-7 vinakimbia kama nduthi za pale Ngong Road saa mbili asubuhi. Chimbuko lake ni Mmarekani aliyeitwa J. Walter Christie, jamaa aliyekuwa dereva wa mbio za magari kabla hajageukia vifaru. Jeshi la kwao lilimzungusha, yeye naye alikuwa mkaidi, basi akawauzia Wasovieti vifaru viwili vikiwa bila vichwa, na kwenye karatasi za kusafirishia vikaandikwa kuwa ni matrekta ya shamba. Sijui wewe, lakini mimi nikisoma hivyo nawaza tu kuhusu bandari zetu na yale makontena ya mitumba.

Ajabu ya BT ni kwamba ungeweza kuvua minyororo na kifaru kikakimbia kwa magurudumu barabarani. Lakini BT-7 zilikuwa na tatizo la giaboksi. Zilivunjika sana. Siku hizi ungeandika malalamiko, kampuni ingetoa sasisho jipya, mambo yangeisha. Kharkiv ya wakati ule hapana. Mtangulizi wa Koshkin, mhandisi Afanasy Firsov, alilaumiwa kwa gia hizo, akaondolewa kwenye kiti, akakamatwa, na mwaka 1937 akauawa. Konstantin Chelpan, aliyeongoza kazi ya kuunda injini ya dizeli ya V-2 katika kiwanda hicho hicho, alikamatwa Desemba 1937 na kupigwa risasi miezi michache baadaye. Injini yake ikabaki. Ndiyo hiyo iliyo ndani ya T-34 yako, nguvu za farasi 500. Ukibonyeza kwenda mbele pale kwenye gemu na kusikia ikinguruma, unasikia kazi ya mtu aliyeuawa na serikali aliyoifanyia kazi.

Hicho ndicho kiti alichokalia Koshkin. Na kwenye kiti hicho akaanza kubishana na wakubwa.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Huko Hispania kulikuwa na vita, 1936 hadi 1939, na Wasovieti walikuwa wamepeleka vifaru vyao, T-26 na BT-5. Vilipigana vizuri hadi vilipokutana na bunduki ndogo za Kijerumani za kupiga vifaru, za milimita 37. Mabamba yao ya chuma yalikuwa na unene wa milimita 15 hivi, na injini zilitumia petroli. Yaani ni kama kupanda jiko. Kikipigwa, kinawaka, na waliomo ndani wana sekunde chache za kutoka.

Jeshi likataka kifaru kipya. Lakini likasisitiza kiendelee kuwa na ule mtindo wa magurudumu na minyororo, kwa kuwa ndio waliouzoea. Mpango huo uliitwa A-20. Koshkin na vijana wake, akiwemo Alexander Morozov, walipiga hesabu wakaona ni upuuzi. Mitambo ya kuendesha magurudumu ni mizito na tata. Uzito huo ungetumika kuongeza chuma. Halafu barabara zenyewe ziko wapi? Urusi majira ya mvua ni matope matupu. Kama umewahi kuona lori limezama kwenye udongo mweusi wa Kitengela mwezi wa Aprili, huhitaji kueleweshwa zaidi. Kwa hivyo wakachora kifaru cha pili, cha minyororo peke yake, chenye chuma kinene na mzinga mkubwa zaidi. Hicho kikaitwa A-32.

Mei 1938 suala hilo likafika Moscow, mbele ya Stalin mwenyewe. Wakumbuke Firsov na Chelpan hapo. Chumba kimejaa majenerali wanaotaka magurudumu, na Koshkin anasimama kusema minyororo peke yake inatosha. Kuna ujasiri wa kupigana na kuna ujasiri wa kupinga mkutano, na mimi naona wa pili ni adimu zaidi. Uamuzi ukatoka: vifaru vyote viwili viundwe, vijaribiwe. Mwaka 1939 vikajaribiwa, na A-32 ikaonyesha kwamba bado ina nafasi ya kubeba chuma zaidi. Wakaongeza hadi milimita 45. Desemba mwaka huo ikaamuliwa kwamba kifaru hicho kilichonenepeshwa kiingizwe jeshini kwa jina la T-34.

Hapa acha nikwambie kitu ambacho huenda wachezaji wengi hawajakiona. Kwenye gemu, mojawapo ya njia za kufikia T-34 kwa miaka mingi imepitia BT-2, BT-7, kisha A-20. Unaiendesha A-20, unakusanya pointi, unafungua T-34. Ukitazama mpangilio huo utadhani A-20 ndiye mzazi. Lakini aliyemzaa T-34 ni A-32, na A-32 imewekwa kando huko, kifaru cha malipo, kinachokuja kwa ofa au zawadi. Wabunifu wa gemu wamempa mtoto babake wa kambo, na baba mwenyewe wanamuuza dukani. Nafikiri Koshkin angecheka, au angekasirika sana, moja kati ya hayo mawili.

Sasa turudi kwenye lile kombora lililodunda. Chukua mkate, ukate kipande wima kama kawaida. Halafu kata kingine kwa mshazari. Cha pili ni kirefu zaidi, sivyo? Ingawa mkate ni ule ule. Chuma cha mbele cha T-34 kilikuwa na unene wa milimita 45, lakini kimelazwa digrii 60 kutoka wima, kwa hiyo kombora linalokuja sawasawa na ardhi lazima lipite kwenye milimita 90 za chuma. Umepata unene maradufu bila kuongeza uzito. Zaidi ya hapo, kombora likigonga kwa mshazari linateleza. Gemu limeichukua fizikia hiyo na kuifanya kanuni: kombora la kawaida la kutoboa chuma, likigonga kwa pembe inayozidi digrii 70, mara nyingi linadunda. Ndiyo maana wazee wa gemu wanakuambia usisimame ukiwaangalia adui uso kwa uso, geuza kifaru kidogo. Wanakufundisha somo la Kharkiv ya 1938 na wao wenyewe hawajui.

Tuseme basi kazi imekwisha? La. Hapo ndipo inaanza sehemu iliyomuua.

Mapema mwaka 1940 vifaru viwili vya kwanza vilikuwa tayari. Vilitakiwa kuonyeshwa kwa Stalin pale Kremlin mwezi Machi. Lakini kulikuwa na kanuni: kabla ya kuonyeshwa viwe vimetembea kilomita 2,000 za majaribio. Muda haukutosha. Viongozi wa jeshi waliokipinga, na Grigory Kulik alikuwa mmoja wao, wangefurahi tu kuona tarehe imepita. Koshkin akaamua jambo rahisi na la kichaa: tutaviendesha. Kutoka Kharkiv hadi Moscow, zaidi ya kilomita 700, kwa minyororo yao wenyewe, katikati ya theluji.

Waliondoka usiku wa kuamkia Machi 6. Kwa kuwa mradi ulikuwa wa siri, vifaru vilifunikwa na safari ikakwepa barabara kuu, wakipita misituni na mashambani. Mkuu wa ofisi nzima, mtu wa miaka 41 mwenye mke na mabinti watatu nyumbani, hakuhitajika kuwemo. Angepanda treni na kuwasubiri Moscow akiwa na koti safi. Alienda nao. Gari la chuma bila joto, baridi ya Machi ya Urusi, kelele ya dizeli isiyokwisha. Kuna filamu ya Kirusi ya 2018 inayoitwa Tanki inayosimulia safari hii, na humo wameongeza majasusi na kufukuzana ili upate kula bisi vizuri. Ukweli hauna majasusi. Una baridi, matope na mashine mpya zinazoharibika njiani. Koshkin akaanza kukohoa.

Machi 17 vifaru viliingia Kremlin. Koshkin alivieleza mbele ya Stalin na viongozi wenzake akijaribu kuzuia kikohozi, na vikazungushwa uwanjani pale vikirusha cheche kwenye mawe. Stalin akaridhika. Mwisho wa mwezi amri ya kuviunda kwa wingi ikatolewa.

Ungekuwa wewe ungerudi vipi Kharkiv? Kwa treni, hospitalini, kitandani. Koshkin alirudi na vifaru. Bado kilomita zilihitajika. Karibu na mji wa Oryol kifaru kimoja kikatumbukia majini, na yeye akaingia kusaidia kukivuta, kwenye maji ya barafu, akiwa tayari mgonjwa. Alipofika Kharkiv kikohozi kilikuwa kimeshakuwa homa ya mapafu. Hakulala. Aliendelea na kazi kwa sababu kifaru kilikuwa na kasoro na alizijua zote: giaboksi ngumu, kichwa kidogo mno, hewa mbaya ndani. Baadaye madaktari walimtoa pafu moja. Haikusaidia. Alifariki Septemba 26, 1940, katika nyumba ya mapumziko ya wagonjwa karibu na Kharkiv. Mwaka huo ulipoisha, T-34 zilizokuwa zimeundwa zilikuwa zaidi kidogo ya 100 tu.

Hakuwahi kuona hata moja ikipigana.

Juni 22, 1941, Ujerumani ikavamia. Wasovieti walikuwa na T-34 karibu elfu moja wakati huo. Wanajeshi wa Kijerumani walifyatua ile mizinga yao midogo ya milimita 37, ile ile iliyochoma vifaru vya Hispania, na makombora yakadunda tu. Wenyewe wakaibatiza jina la utani: mbisha hodi. Unabisha, hakuna anayefungua. Ilibidi Wajerumani wakae chini na kubuni kifaru kipya, Panther, chenye mabamba yaliyolazwa mshazari. Ukicheza na Panther ukaona uso wake umelala vile, sasa unajua waliiga wapi.

Lakini hapa naomba usinichukulie kama wale mashabiki wanaodhani T-34 ilikuwa mungu. Gemu linakudanganya, na linakudanganya pale pale ambapo inauma. Kwenye gemu gia hazikwami. Katika T-34 za mwanzo dereva wakati mwingine alihitaji nyundo ili kubadilisha gia. Kwenye gemu unaona kila mahali, kamera iko juu yako kama ndege. Ndani ya ile ya kweli kichwani walibanana watu wawili, na kamanda ndiye huyo huyo aliyelenga na kufyatua mzinga. Aongoze vita saa ngapi? Kwenye gemu timu yako yote inaonekana kwenye ramani ndogo pale pembeni. Mwaka 1941 vifaru vingi havikuwa na redio, wakapungiana bendera. Halafu kuna ule mzinga wa milimita 57 ambao sote tunaupenda kwenye T-34 kwa sababu ni mwepesi na unatoboa. Vifaru vya kweli vilivyobeba mzinga huo mwaka 1941 vilikuwa vichache mno, vya kuhesabu. Kwenye saiba yetu peke yake tumeendesha vingi zaidi.

Na kubwa kuliko yote, kwenye gemu kifaru kina damu yake, namba pale juu inayopungua. Ikifika sufuri unabonyeza, unarudi gereji, unachukua kingine. Wasovieti walipoteza zaidi ya vifaru 2,000 vya aina ya T-34 katika ile nusu mwaka ya 1941 pekee, na vita vilipoisha hesabu ilikuwa imepita 40,000. Kila kimoja kilikuwa na watu wanne ndani, au watano katika T-34-85 iliyokuja mwaka 1944 ikiwa na kichwa kikubwa cha watu watatu. Wengi wa watu hao walikuwa na umri wako. Siongezi neno hapo.

Kasoro zile ambazo Koshkin alikufa akizishughulikia, wenzake walizirekebisha katika mpango mpya. Vita vikaukata. Huo mpango, T-34M, haukuwahi kufika vitani, lakini wewe unaweza kuuendesha: kwenye gemu ni A-43, ngazi ya 6. Kwa hiyo kuna jambo moja ambalo gemu limemfanyia jamaa huyu na historia haikumfanyia.

Kiwanda chenyewe kilihama. Wajerumani walipokaribia Kharkiv, vuli ya 1941, mashine na wafanyakazi walipakiwa kwenye treni hadi Nizhny Tagil, nyuma ya milima ya Ural, na T-34 zikaendelea kutoka huko chini ya Morozov. Zikiongezwa na za baada ya vita, jumla ilipita 80,000. Zilifika hata Afrika. Angola ilizitumia, Somalia ilizitumia katika vita vya Ogaden mwaka 1977. Baada ya vita Morozov alirudi Kharkiv, lakini ofisi ya Tagil ilibaki ikibuni vifaru vyake, na humo ndimo ilimotoka T-72.

Jina hilo unalikumbuka? Kama ulikuwa mtoto 2008, muulize mzee. Ile meli MV Faina, iliyotoka Ukraine na kutekwa na maharamia wa Kisomali mwezi Septemba, ilikuwa na vifaru 33 vya T-72. Ilizuiliwa zaidi ya miezi minne hadi fidia ikalipwa, na Februari 2009 ikatia nanga Mombasa. Serikali yetu ilisema mzigo ni wa jeshi la Kenya, wengine wakasema ulikuwa njiani kwenda Sudan Kusini, na maneno yakawa mengi. Hayo ya siasa waachie wanasiasa. Mimi kilichonishika ni kwamba vile vilivyoshushwa Kilindini ni wajukuu wa ofisi ya Koshkin.

Kharkiv yenyewe haijapumzika. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, mji huo ulikuwa kati ya ya kwanza kupigwa makombora. Mji uliozaa kifaru ambacho Urusi inakipitisha kwa fahari kwenye gwaride kila mwezi wa Mei ukawa unashambuliwa na Urusi hiyo hiyo. Hata gemu liligawanyika. Wargaming, kampuni iliyoanzia Minsk, Belarus, ilijiondoa Urusi na Belarus mwaka huo, na wachezaji wa huko wakabaki na toleo lao chini ya jina jingine. Kwa hiyo ukiwahi kuona wachezaji wawili wakitukanana kwenye ukurasa wa mazungumzo, mmoja akisema T-34 ni ya Urusi na mwingine akisema ni ya Ukraine, usidhani wanabishana kuhusu chuma.

Koshkin alipewa Tuzo ya Stalin mwaka 1942, akiwa amekufa. Mwaka 1990 akatangazwa Shujaa wa Kazi ya Kijamaa, akiwa amekufa miaka 50. Kaburi huwezi kulitembelea. Mahali alipozikwa Kharkiv paliharibiwa wakati wa vita, na hakuna alama iliyobaki.

Basi ukiingia Prokhorovka wikendi hii na kuona T-34 imejificha nyuma ya reli, imegeuza uso kidogo upande wa kulia, jina la mchezaji lina neno paka ndani yake, ni mimi. Nipe dakika mbili kabla hujanifyatulia. Saa yangu ya saiba bado haijaisha.